Mkanda wa Goigoi

Baba aliliweka sanduku mezani taratibu, akalifuta vumbi kwa kiganja, kisha akafuta kiganja kwenye suruali yake safi. Ndani mlikuwa na mikanda ya kuhifadhia data, midogo midogo ya kuenea mkononi, na mashine ya kuisomea ambayo ilikuwa nzito kuliko ilivyoonekana. Redio aliyoitumikia mpaka kustaafu ilikuwa inahamia jengo jipya, na watu wakihama hutupa. Yeye alikwenda akaiomba mikanda hiyo na mashine yake. Walimcheka kidogo, wakampa.

"Zimo humu," alimwambia binti yake. "Hadithi za mama yako. Kila Jumanne, zote."

Binti yake, ambaye kazini kwake walishamsahau jina na kumwita Bi Mitambo kwa kuwa ndiye mtunzaji wa seva za shirika la maji, aliitazama mikanda ile asijue aanzie wapi. Seva alizijua kama jiko lake. Lakini mkanda ulikuwa umeshatoka kwenye maisha ya watu kabla yeye hajaajiriwa. Alichukua mmoja, akaugeuza, akautikisa sikioni kama mtu anayenunua nazi.

"Usiutikise," alisema baba.

Jambo lenyewe lilikuwa hili, na afadhali lisemwe mapema. Mama yake alikuwa mtangazaji. Kila Jumanne alasiri alisoma hadithi za watoto redioni, na hata sokoni watu walimjua kwa jina la Mama Hadithi. Alifariki kabla simu ya kila mtu haijawa kinasa sauti. Picha zake zipo tele ukutani. Sauti haipo. Kuna video moja ya harusi ya shemeji yake, na humo Mama Hadithi anaonekana akisema maneno marefu mbele ya kamera, anacheka, anainua kidole, lakini muziki umepigwa kwa nguvu na hasikiki hata neno moja. Mwezi uliopita baba alikuwa anamenya chungwa, akasema bila kuinua macho: "Sura naiona. Sauti imeanza kunitoka." Halafu akaendelea kumenya. Bi Mitambo hakulala vizuri siku hiyo.

Basi alipiga moyo konde. Kwenye stoo ya shirika lao alipata kompyuta ya zamani yenye kadi ya kuunganishia waya mpana wa mashine ile ya mikanda. Mtunza stoo alimuuliza kama anafungua makumbusho. Alimwomba aiazime, akaiwekea mfumo wa Linux, na Jumamosi asubuhi akaibeba mpaka kwa baba yake. Walisogeza chombo cha maua, wakaipanga mitambo mezani, na baba akavuta kiti karibu mno, kiasi kwamba kila binti alipogeuka alikutana na miwani yake.

Walipowasha, mashine ya mikanda iliwaka taa ya kijani, ikakohoa mara moja, ikanyamaza. Bi Mitambo alifungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri na kuiuliza kompyuta inaona vifaa gani.

"Inasemaje?" aliuliza baba.

"Inasema haioni kitu."

"Iambie iangalie vizuri."

Iliangalia vizuri, na haikuona kitu. Alichomoa, akachomeka. Alipuliza vumbi. Alipakia upya ile sehemu ya mfumo inayoshughulika na mikanda. Wapi. Mtu mwingine angekasirika, lakini Bi Mitambo alikuwa na ugonjwa wake mmoja: kitu kikikataa kufanya kazi ndipo kinapomvutia. Alitoa simu, akaanza kusoma maandishi ya mafundi wa zamani, watu walioandika kwa uchungu kana kwamba mikanda imewavunjia ndoa. Huko akakuta kwamba waya mpana kama ule hauachwi wazi mwishoni. Lazima uzibwe kwa kizibo maalumu, la sivyo mawimbi ya umeme yanafika mwisho wa waya, yanagonga, yanarudi nyuma na kuyavuruga yale yanayokuja.

"Baba, hakukuwa na kipande fulani hapa nyuma? Cheusi, kifupi, hakina waya?"

Baba alifikiri. Aliinuka, akaenda jikoni, na ikasikika droo ya misumari ikifunguliwa. Alirudi nacho mkononi.

"Nilidhani kimekatika kutoka mahali," alisema. "Nikakitunza."

Kizibo kilipochomekwa, kompyuta iliandika mstari mmoja tu, bila mbwembwe, kwamba imeuona mtambo wa mikanda na kwamba jina lake ni st0. Bi Mitambo aliusoma mstari ule mara mbili. Kwa furaha aliyokuwa nayo angeweza kuuchapa na kuutia fremu.

Mkanda wa kwanza aliuchagua baba. Ulikuwa na karatasi yenye mwandiko wake ulionyooka: tarehe za wiki, Jumatatu hadi Ijumaa. Kabla ya kuutumbukiza, Bi Mitambo alisogeza kile kifungo kidogo ubavuni kinachozuia mkanda usiandikwe, maana kosa moja la kidole lingeweza kufuta mambo. Mashine iliumeza. Ikalia, ikakoroma, ikatulia. Baba alifumba macho.

"Sasa inautafuta mwanzo," alisema. "Sasa imeupata. Sikiliza, sasa inasubiri."

"Unajuaje?"

"Nimekaa nayo kuliko nilivyokaa na wewe."

Bi Mitambo aliandika amri ya tar ya kuorodhesha kilichomo. Mashine ikazunguka, na orodha ikatoka: kipindi kimoja, cha Ijumaa. Alikinakili kwenye diski kwanza, kwa kuwa mkanda mzee unaweza kukatika wakati wowote, kisha akakifungua. Spika ikatoa sauti ya mwanamume anayebweka kuhusu mechi ya mpira iliyochezwa enzi hizo, na kipa aliyetoka golini bila sababu.

"Huyu wa michezo namjua," alisema baba. "Alikuwa hanunui chai hata siku moja."

"Jumanne iko wapi?"

"Iko humohumo. Sogeza mbele."

Mkanda hauna kurasa za kufunua. Una mafungu, na kila fungu linapoisha pamewekwa alama. Ukitaka fungu la pili, unaiamuru mashine iruke alama moja, ndipo usome. Bi Mitambo aliiamuru iruke. Ikaruka, ilisikika kabisa ikiruka. Alisoma. Mpira. Aliiamuru iruke alama mbili. Ikaruka mbili. Alisoma, na kipa akatoka tena golini bila sababu.

Alijaribu mpaka baba akaanza kumwonea huruma kipa. Bi Mitambo alikuna kichwa, akaacha kuandika, akafanya jambo ambalo huwa anawahimiza wenzake na yeye mwenyewe halifanyi: alifungua kurasa za maelezo ya amri na kuzisoma toka juu mpaka chini. Chai ikapoa. Na huko katikati, mahali ambapo wenye haraka hawafiki, akakuta kwamba mtambo ule mmoja una majina mawili. Ukiuita kwa jina la kwanza, mtambo kila ukimaliza kazi uliyoutuma huurudisha mkanda mwanzo. Ukiuita kwa jina la pili, wenyewe huuacha mkanda palepale ulipofika. Yeye alikuwa anautuma kwa jina la kwanza uruke alama, unaruka, halafu unarudi mwanzo kumsubiri. Alikuwa kama anayemtuma mtu dukani, na mtu akifika mlangoni mwa duka anageuza kurudi nyumbani kuuliza anunue nini.

"Kumbe ni mimi," alisema, na akacheka mwenyewe. Kosa lilikuwa zuri, la kumpa mtu hadithi ya kusimulia kazini Jumatatu. Aliita kwa jina la pili, akaruka alama moja, akasoma.

Mashine ikajibu kwamba mbele hakuna data. Mkanda umekwisha.

Alijaribu mkanda mwingine. Ijumaa, halafu hakuna kitu. Mwingine: Ijumaa, tupu. Waliendelea hivyo, baba anatoa mkanda sandukuni, binti anautumbukiza, mashine inakoroma, na yule bwana wa michezo anabweka, mara msimu huu, mara msimu ule. Sanduku likawa linaelekea kwisha. Baba aliacha kutaja sauti za mashine. Mikono yake ilikuwa inatoa mikanda polepole zaidi, na Bi Mitambo aliona kwamba anaogopa kufika chini.

Ndipo udadisi wake ukageuka upande. Mashine haikuwa na kosa, hilo alishaliona. Mikanda haikuwa mibovu, maana Ijumaa zote zilisomeka safi. Kilichobaki ni namna ilivyotumiwa.

"Baba, hebu niambie ulikuwa unafanyaje. Siku nzima, tangu unafika."

Baba alinyoosha mgongo. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Alieleza kwamba Jumatatu unaingiza mkanda mpya, nao unakaa humo mpaka Ijumaa. Jioni vipindi vikiisha, unabonyeza amri ambayo fundi aliyefunga mashine aliwaandalia, inahifadhi kipindi kilichorekodiwa studio siku hiyo. Halafu unaurudisha mkanda mwanzo, unazima taa, unakwenda nyumbani.

"Kuurudisha ilikuwa kwenye hiyo amri?"

"Hapana. Hilo nilikuwa naliongeza mwenyewe." Alilisema kwa fahari. "Sisi tuliolelewa na mikanda mikubwa ya studio tulifundishwa adabu. Humwachii mwenzako mkanda umeishia katikati. Anakuja asubuhi, ana haraka, anakuta uchafu wako? Ni kama kumwachia mtu sahani isiyooshwa. Mimi sijawahi kuondoka bila kuurudisha mwanzo. Hata nikiumwa."

Bi Mitambo alielewa hapohapo, na alitamani asingeelewa. Aliinuka akasema anakwenda kuchemsha chai nyingine. Jikoni alisimama mbele ya jiko ambalo hakuliwasha. Amri ya yule fundi ilikuwa imepangwa vizuri: iandike, iache mkanda palepale, ili kesho iendelee mbele. Na kila jioni, mtu mwenye adabu kuliko wote alikuwa anaurudisha mwanzo, na kesho yake mashine inaandika juu ya jana. Jumanne ilikuwa inaishi mpaka Jumatano jioni tu. Miaka yote ile. Aliona aibu kana kwamba yeye ndiye aliyefanya, na akawa anatafuta uongo mzuri. Angeweza kusema ni unyevu. Angeweza kusema mikanda ile haikuwa ya ubora.

Aliporudi, baba alikuwa ameushika mkanda mmoja na anautazama kwenye mwanga wa dirisha.

"Mama," alisema, maana ndivyo alivyomwita binti yake mambo yakiwa mazito. "Mkanda ukirudishwa mwanzo, halafu mtu akahifadhi tena, unaandika wapi?"

"Mwanzo, baba."

"Juu ya kilichokuwepo."

"Ndiyo."

Baba alishika tama. Nje kuna mtu alikuwa anafagia uwanja, na ufagio ulisikika mpaka ukamaliza.

"Hakuna aliyewahi kusikiliza?" aliuliza binti, kwa sauti ndogo.

"Kazi ilikuwa kuhifadhi. Nani alikuwa na muda wa kusikiliza?" Kisha akasema, si kwa kumwambia mtu: "Nimemfuta kwa mkono wangu."

Bi Mitambo alimwekea mkono begani, na bega lilikuwa jepesi kuliko alivyolizoea. Halafu, kwa sababu macho yake hayajui kutulia, yaliangukia sandukuni. Chini kabisa palibaki mkanda mmoja, hauna karatasi, hauna tarehe, umelazwa kichwa chini.

"Na huu?"

"Huo achana nao. Wa Goigoi huo."

"Goigoi ni nani?"

Baba alivuta pumzi kama mtu aliyelazimishwa kumtaja mdeni wake. Goigoi, alisema, ni jina alilompa yeye, na likamkaa. Alikuwa msaidizi wa studio, mtu wa kukaa kwenye kiti mpaka kiti kichoke. Wiki moja baba alichukua likizo kwenda kuezeka nyumba hii, akamwachia mashine. Aliporudi alikuta mkanda hauna karatasi ya tarehe, na umeachwa ulipoishia. Kumbe bwana yule alikuwa anabonyeza amri ya kuhifadhi na kuondoka zake, basi. Baba alikwenda kumshtaki kwa mkuu wa studio. Haikuwa mara ya kwanza kwa Goigoi kushtakiwa, kwa hiyo ikawa ya mwisho. Aliachishwa kazi. Tangu siku hiyo wakikutana msibani kila mmoja anatazama upande wake.

"Niliuhifadhi kama ushahidi," alisema. "Angekata rufaa ningeutoa."

Bi Mitambo alikuwa ameshautumbukiza. Mashine ililia, ikakoroma, ikatulia. Aliorodhesha fungu la kwanza: Jumatatu. Aliita kwa jina la pili, akaruka alama moja, akasoma: Jumanne.

Kunakili kulichukua muda kuliko uvumilivu wa mtu yeyote. Baba alikuwa amesimama. Alikuwa anasikiliza mkanda ukizunguka, lakini hakufumba macho safari hii.

Kwanza ulisikika mkwaruzo wa kiti. Halafu mwanamke akakohoa, akasema: "Wewe, hiyo taa nyekundu inawaka au haiwaki?"

"Inawaka kidogo," ilijibu sauti ya mwanamume iliyojaa usingizi.

"Kidogo ndiyo nini? Taa haiwi na mimba ya kidogo." Akacheka. Sauti ilikuwa nyembamba kuliko Bi Mitambo alivyoikumbuka, na ya haraka. Kwa miaka yote alikuwa anamkumbuka mama yake kwa sauti nzito ya kubembeleza, sijui aliitoa wapi. Hii ya kweli ilikuwa na mkwaruzo mwishoni mwa maneno, na alipousikia ule mkwaruzo aliujua, akajua pia kwamba alikuwa ameusahau.

"Leo tumepumzika," iliendelea sauti. "Mwenye mikanda yake hayupo. Angekuwepo, kwa kukohoa tu kule angesharudisha mwanzo nianze upya. Lakini ukimwona mwambie amalize hilo paa arudi. Nimezoea kumwona pale kwenye kioo. Bila yeye nasoma, lakini sijui namsomea nani." Karatasi zikafunuliwa. "Haya, niko tayari. Watoto, sogeeni. Leo ni habari za kuku aliyekwenda kununua viatu."

Baba alisimama mpaka kuku akafika dukani. Hapo akaketi, akalia waziwazi, mikono juu ya magoti, bila kujificha kwa binti yake. Wakati mwingine alicheka katikati, kwa kuwa yule kuku alikuwa mjanja. Hadithi ilipokwisha, hakuomba irudiwe.

"Goigoi hakunifikishia ule ujumbe," alisema.

"Ulimkuta na kosa, baba. Ulimpa nafasi?"

Baba alitoa simu mfukoni, akaisogeza mbali na macho, akatafuta. Bi Mitambo alichungulia na kuona jina limehifadhiwa hivi: Goigoi Usipokee. Baba alipiga, akaiweka sauti ya juu kwa kuwa sikio lake moja halikuwa zima, akailaza mezani kando ya mashine.

"Haloo?" Ilikuwa sauti ileile, imeongezeka miaka tu.

"Ni mimi. Mzee wa mikanda."

Baba aliinamia simu.

"Ule mkanda wako, wa wiki niliyokuwa likizo," alisema baba. "Ninao hapa. Hukuurudisha mwanzo."

Goigoi alishusha pumzi ndefu. "Mzee, jamani. Mpaka leo? Nilisema nimekosa, nikakabidhi funguo, nikaondoka. Wanangu walikaa nyumbani mwaka mzima bila shule. Unataka nini tena kwangu?"

Bi Mitambo aliona baba anatafuta neno kama anayepapasa swichi kwenye chumba kigeni.

"Niliyekosa ni mimi," alisema. "Mikanda yangu yote nimeifuta. Umebaki wako tu. Yumo, mke wangu. Anakusema kuhusu taa."

Goigoi alijisafisha koo.

"Bado mnakaa palepale?" aliuliza.

"Palepale," alisema baba. "Njoo."